Re: Dalali aliyeuza mji mzima wa pwani

Mkuu, umeuliza kama karne ya 19 kulikuwa na dalali aliyeupandisha mji wa pwani kwa maneno yake tu. Mfano ninaoupenda ni Alonzo Horton wa San Diego, Marekani, ila yeye hakuishia kwenye maneno.

Mwaka 1867 alikuwa na duka la samani San Francisco. Akasikia sifa za bandari ya San Diego, akauza bidhaa zake, akapanda meli. Kwenye mnada akanunua ekari kama 800 kando ya ghuba kwa dola 265. Ndiyo, zote! Wenyeji walimwona chizi, maana kuna mwenzake alishajaribu kujenga mji palepale mwaka 1850 akaangukia pua.

Sasa tazama ujanja wake. Alipima vitalu vidogo (yaani mafungu ya viwanja yanayozungukwa na barabara), futi 200 kwa 300, bila vichochoro vya nyuma. Kwa nini? Kitalu kikiwa kidogo kona zinakuwa nyingi, na kiwanja cha kona siku zote kina bei. (Madalali wetu hawajaacha mchezo huo.) Akafungua ofisi San Francisco kwenye wateja, akagawa viwanja bure kwa makanisa, akajenga gati, na mwaka 1870 hoteli ya vyumba 100.

Mwaka 1872 moto ukaunguza mji wa zamani wa San Diego, biashara zikahamia kwenye mji mpya wa Horton. Mwaka uliofuata uchumi ukaporomoka, reli iliyosubiriwa ikakwama, na wanunuzi wakapotea. Treni ilifika mwaka 1885.