Mtoto ngozi inapasuka na baridi ya Kabale, na ile tyubu ya sokoni je?

SWALI: Musawo (daktari) habari ya kazi. Tulihamia Kabale, huku kusini magharibi mwa Uganda, mwezi wa tano kutoka Arua, mzee alipata transfa. Mtoto wetu ana miezi 14. Tangu tufike ngozi yake imekuwa kama magamba ya samaki, mashavu yanapasuka, usiku anajikuna mpaka damu. Namwogesha asubuhi na jioni na maji ya moto na sabuni ya dawa lakini wapi. Jirani akanipa tyubu ya krimu ya sokoni, siku nne za kwanza ngozi ikawa safi kabisa nikafurahi, sasa ni wiki ya tatu na imerudi mbaya kuliko mwanzo, alafu mashavu yana mabaka meupe. Wengine wananiambia ni minyoo, wengine damu chafu. Mafua na kikohozi pia haviishi. Niendelee na hiyo tyubu?

JIBU: Dada karibu Kigezi, ndo eneo letu hili la Kabale, na pole na baridi, najua ukitoka Arua hapa unaona kama umepelekwa nchi ingine. Naanza na tyubu maana hiyo ndo inanitia wasiwasi kuliko ngozi yenyewe. Usimpake tena usoni, hata leo usiku. Chukua boksi lake usome yale maandishi madogo, ukikuta neno clobetasol au betamethasone basi hiyo ni steroidi kali, na nyingi za sokoni zinachanganywa dawa tatu ndani ya tyubu moja, steroidi na ya fangasi na antibayotiki, ndo maana kila mtu anasema "inatibu kila kitu". Siku nne za kwanza lazima ipendeze, steroidi inazima ule moto wa ngozi haraka sana, lakini ukipaka kila siku kwenye uso wa mtoto mdogo ngozi inakuwa nyembamba, rangi inafifia, na ukiacha siku mbili tu inalipuka tena kwa hiyo unarudi kupaka, ukiacha inalipuka, unapaka. Na mwili wa mtoto ni mdogo, dawa inapita kwenye ngozi mpaka ndani ya damu. Kwa sababu umeshafika wiki tatu nataka wiki hii umpeleke kituo cha afya, beba na tyubu yenyewe uwaoneshe, na ngozi ikiwaka siku za kwanza za kuacha usiogope ukairudia kimya kimya, waambie wao. Wanaweza kumpa haidrokotisoni ya asilimia 1, hiyo ni steroidi pia lakini nyepesi, inatumika siku chache kwa mpango. Steroidi sio adui, shida ni kununua ile kali kwa kukisia.

Sasa ngozi. Kwa jinsi umeeleza (mashavu, ukavu, kujikuna usiku, umri wake) naona kama ekzema, wengine huiita pumu ya ngozi, ambayo mara nyingi inaanza kabla mtoto hajamaliza mwaka au miwili, ukichanganya na hewa ya huku. Sisi Uganda hatuna winta kama Ulaya lakini Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, mwezi wa sita na wa saba mvua inakata, usiku joto linashuka nyuzi 10 hivi au chini, na hewa ya baridi haibebi maji mengi kwa hiyo inanyonya maji ya ngozi. Mtoto aliyezoea joto la Arua ngozi yake inashtuka. Minyoo haileti hii, na damu chafu sijawahi kuiona kwenye mikroskopu hata siku moja. Dawa ya minyoo atapewa kila miezi sita kama watoto wote, lakini haitatibu mashavu.

Kitu kingine, kwenye picha nyingi za vitabu ekzema ni nyekundu, kwa watoto wetu mara nyingi haionekani nyekundu, inakuwa kijivu au nyeusi zaidi au vipele vidogo vidogo ukigusa unahisi kama msasa, ndo maana mara nyingi inaitwa fangasi na mtoto anapewa krimu isiyomhusu. Mabaka meupe yanaweza kuwa ni ukavu wenyewe au ni hiyo tyubu, yote mawili rangi hurudi polepole, hesabu miezi sio wiki.

Kuoga ndo pa kubadilisha kwanza. Mara moja kwa siku inatosha, maji ya vuguvugu sio ya moto, dakika tano mpaka kumi, sabuni ya dawa iweke kando kabisa maana inatoa na yale mafuta kidogo ambayo ngozi imejitengenezea, tumia sabuni ya kawaida isiyo na manukato na upake pale penye uchafu tu, matako, kwapa, mikono, miguu. Ukimtoa usimsugue na taulo, mguseguse tu, alafu kabla dakika tatu hazijaisha, ngozi bado ina umajimaji, mpake jeli ile ya kawaida ya kupaka (kama Vaseline) isiyo na harufu mwili mzima. Jeli haileti maji, inafunga yale yaliyopo, kwa hiyo ukingoja akauke kwanza unafunga ukavu ndani. Rudia mchana na wakati wa kulala. Na usipake kama unapaka siagi ya mkate wa wageni, kopo la gramu 250 likiisha wiki moja au mbili ni sawa kabisa. Kama mama yako bado yuko Arua mwambie akutumie mafuta ya shea, yale safi ambayo Waacholi wanaita moo yaa, hayo pia mazuri mradi hayajachanganywa na pafyumu. Mafuta ya zeituni ambayo sasa kila mtu anasifia mi siyapendi kwa ngozi ya mtoto, yanadhoofisha ule ukuta wa juu wa ngozi.

Nguo, mvalishe pamba ndani sweta juu, sufu isiguse ngozi. Sweta za mitumba zifue kwanza, na sabuni ya unga isuuze maji mawili. Kucha kata fupi.

Alafu nikuulize, we unajikuna? Na baba yake? Kama nyumba nzima mnajikuna usiku na kuna vipele katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono hiyo sio ekzema, ni upele wa wale wadudu wadogo, na hapo mnatibiwa wote siku moja hata asiyejikuna, nguo na mashuka yanafuliwa maji moto, la sivyo mtazungushiana mpaka Krismasi. Na ukiona maganda ya rangi ya asali au usaha kwenye mashavu, hapo bakteria wameingia, hiyo inataka antibayotiki.

Mafua na kikohozi: mtoto wa umri wake kupata mafua mara sita au nane kwa mwaka ni kawaida, moja linaisha lingine linaingia unaona kama ni lile lile. Syrapu za kikohozi za dukani usinunue. Nusu kijiko cha chai cha asali usiku inatuliza, kwa sababu ameshapita mwaka mmoja, chini ya hapo asali ni marufuku kabisa. Pua ikiziba weka matone ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja cha chai na robo kijiko cha chai cha chumvi. Yale mafuta ya menthol na kafuri ya kupaka kifuani ngoja afike miaka miwili.

Kinachotakiwa ujifunze ni kuhesabu pumzi. Akiwa ametulia, halii, fungua nguo uangalie tumbo linavyopanda, hesabu dakika nzima na simu mkononi. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40 au kupita hiyo ni haraka, inaweza kuwa nimonia, mpeleke siku hiyo hiyo. Kama kwa jirani kuna mdogo wa miezi 2 hadi 11, kwake ni 50. Kifua kikiingia ndani chini ya mbavu akivuta pumzi, au anakataa kunyonya na kunywa, anatapika kila kitu, amezubaa haamki vizuri, au degedege, usingoje asubuhi. Na homa yoyote apimwe malaria ndani ya saa 24, Kabale mbu ni wachache kuliko Arua lakini nyinyi mmetoka juzi tu. Akiharisha na homa huku kuna watu watakuambia ni ebiino, wataangalia fizi na kutaka kuchokoa meno ambayo hayajatoka. Kataa, hata kama ni mama mkwe anasema.

La mwisho hukuuliza lakini nalisema kwa kila mtu anayehamia huku: usilale na sigiri (jiko la mkaa) chumbani. Najua baridi, najua majirani wanafanya. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini, na hata kabla ya kufika huko moshi unaamsha hicho kikohozi. Pasha chumba mapema na dirisha wazi, toa sigiri nje, ndo mlale, na mtoto avae soksi na kofia ya pamba mpaka kitanda kipate joto.