Difu ya LSD inakoroma ukikata kona? Usikubali itolewe kabla hujabadilisha oili

Mkuu, simama hapo hapo. Jumamosi usipeleke hiyo gari gereji. Nimesoma maelezo yako mpaka kichwa kikapata moto, maana hicho unachotaka kufanyiwa ndicho kilichoua pikapu yangu.

Umesema dabo kebini yako ilikuwa kimya kabisa, ukabadilishiwa oili ya difu, na tangu hapo ukikata kona ya kutoka getini nyuma inakoroma gru gru gru na bodi inatetemeka. Fundi kakwambia LSD, yaani difu inayozuia tairi moja isizunguke bure peke yake, imekufa itolewe, uwekewe difu ya kawaida. Ngoja kwanza tuokoe hiyo difu.

Gari ilikuwa kimya, ikabadilishwa oili, ikaanza kulia. Kilichobadilika hapo ni nini? Oili! Sasa mtu anarukaje oili anaenda kukata difu nzima?

Difu ya kawaida inagawa nguvu sawasawa kwa tairi mbili, lakini kiasi cha nguvu kinaamuliwa na tairi ile dhaifu, ndio maana moja ikikanyaga tope inazunguka bure na ile iliyo pakavu imetulia tu inaangalia. LSD ya pleti ndani yake kuna pleti za klachi zimebanwa, nyingine zinashika ekseli nyingine zinashika nyumba ya meno, kwahiyo tairi moja ikitaka kukimbia peke yake pleti zinaikatalia na mwenzake anapata nguvu. Sasa ukikata kona, tairi ya nje lazima izunguke haraka kuliko ya ndani, hapo pleti zinatakiwa ziteleze taratibu bila kelele, na kinachofanya ziteleze vizuri ni oili ya LSD ambayo ina dawa ya kulainisha msuguano. Ukiweka oili isiyo na hiyo dawa pleti zinashika, zinaachia, zinashika, zinaachia, haraka haraka, na huo ndio mkoromo unaousikia. Pleti zenyewe zinaweza kuwa nzima kabisa.

Yangu ilikuwa hivyo hivyo. Mtumba wa Japani, difu ina stika ya LSD kabisa, fundi akamwaga oili akaweka oili ya gia ya kawaida, daraja GL-5, uzito 80W-90. Oili nzuri tu, kwa difu ya kawaida! Ikaanza kukoroma. Nikairudisha kwake, akaingia chini, akatikisa propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, akatoka anajifuta mikono na kitambaa akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba LSD imeisha, na tena hizi LSD ni mambo ya magari ya mashindano, wewe unabeba viazi utaifanyia nini. Na asije mtu hapa kuniambia eti ningesoma kitabu cha gari, kitabu chenyewe kilikuwa cha Kijapani na stika ilikuwa imefunikwa na tope la miaka. Mimi nilimlipa mtu ambaye kazi yake ni kuingia chini na kuisoma hiyo stika.

Basi ikanunuliwa difu ya mtumba, ya kawaida, ikafungwa, kelele ikaisha, kila mtu akafurahi. Difu yangu ikabaki gerejini, wakaniambia ni chuma chakavu. CHUMA CHAKAVU. LSD nzima ambayo ilikosa oili tu! Sijui leo inatembea chini ya gari ya nani, na kila nikikumbuka hapa moyo unachafuka.

Lakini hiyo bado siyo hasara kubwa. Hasara kubwa ni kwamba wakati wa kununua ile difu hakuna aliyehesabu meno. Walipima upana wa ekseli, wakaangalia matundu ya nati za rimu, ikakaa, ikatosha, basi. Kumbe difu ya mbele ilikuwa meno 41 kwa 10, yaani propela inazunguka mara 4.1 tairi inazunguka mara moja. Hii ya nyuma waliyoleta ilikuwa 43 kwa 11, yaani 3.909. Ukiendesha tairi mbili huoni kitu zaidi ya gari kuwa nzito kidogo mlimani na spidi ya kwenye dashibodi kudanganya kidogo. Ukiingiza foo wili ndio balaa linaanza, kwa sababu foo wili ya pikapu nyingi inafunga propela ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa, lazima. Sasa piga hesabu: tairi zikizunguka mara 100, propela ya mbele inataka mizunguko 410, ya nyuma inataka 391. Tofauti ni karibu asilimia 5, na haina pa kwenda isipokuwa tairi ziteleze, au chuma kikubali kuumia.

Kwenye tope laini tairi zinateleza, hujui kama kuna tatizo. Mimi nilikuwa barabara za ndani huko Makete, masika, mzigo umejaa, kipande kina utelezi kipande kina mawe, kwahiyo naingiza foo wili na kuiacha. Nikaanza kuona usukani mzito, gari inavuta kama imeshikwa breki, nikijaribu kutoa foo wili liva imeganda haitoki. Hizo ni dalili kwamba shafti zimejikaza kwa ndani, ukiziona rudi nyuma taratibu mita kadhaa mpaka ziachie. Sikuwa nimeambiwa na mtu. Nikaongeza mafuta kwenye kimlima cha mawe, ikalia PAA! moja nzito chini ya miguu, na gari ikabaki hapo. Transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, imekwisha, na propela ya mbele nayo imejikunja. Viazi vya watu vimepakiwa, mvua inanyesha, mtandao hakuna.

Aliyegundua ni fundi mmoja mzee sana wa Makambako. Hakushika spana kwanza. Aliniuliza hii gari imefanyiwa nini mwaka huu, nikamsimulia yote kuanzia ule mkoromo. Akanyamaza, akauliza swali moja tu: "Kwani mwanangu, oili mliweka gani?" Halafu akafungua difu zote mbili, akahesabu meno mbele yangu, kwa kidole, moja moja. Pesa iliyotoka baada ya hapo ilizidi bei ya oili ya LSD kiasi kwamba sitaki hata kuiandika. Na yote ilianza na oili ya lita mbili na kitu!

Kwahiyo mkuu kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka uchoke: LSD ikikoroma kwenye kona, ANZA NA OILI. Usifungue, usitoe, usiuze, usibadilishe chochote kabla hujaweka oili sahihi.

Nenda duka la spea la maana, ununue oili ya gia iliyoandikwa LSD au Limited Slip kwenye chupa, GL-5, uzito ule uliotajwa kwa gari yako. Ukikosa, kuna vichupa vya dawa ya LSD vinauzwa peke yake, vingi ni mililita 118 hivi, unaongeza kwenye GL-5 ya kawaida kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kichupa. Gari itembee kwanza oili ipate moto. Halafu, na hapa usimame wewe mwenyewe uangalie, fundi afungue kwanza nati ya juu ya kujazia kabla hajagusa ya chini ya kumwagia, maana ya juu ikigoma wakati ya chini imeshamwaga umebaki na difu tupu na gari haiendi popote. Ijazwe mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu. Kisha utafute uwanja wa wazi uzungushe gari taratibu sana mtindo wa namba nane, kulia na kushoto, mara kadhaa, ili oili mpya iingie katikati ya pleti. Usitegemee inyamaze palepale, ipe siku chache. Ikiendelea kukoroma na oili sahihi imo, hapo sasa ndio tuongee habari ya kufungua, na hata hapo pleti zinabadilishwa, siyo difu nzima.

Kuna jamaa kwenye mjadala huu kashauri meno ya katikati ya difu yachomelewe "ili isumbue kabisa matope". Ndugu yangu usimsikilize huyo. Difu iliyochomelewa haitofautishi tairi hata kidogo, kwenye lami kila kona tairi moja inaburuzwa, unakula tairi, unakata ekseli, na kwenye lami yenye maji nyuma inaweza kukutoka ukiwa na familia ndani. Hiyo waachie wanaocheza na magari uwanjani.

Kitu kingine ambacho fundi wako lazima akijue: LSD siyo zote za pleti. Subaru Forester nyingi, LSD ya nyuma ni ya majimaji, ile imefungwa kabisa kiwandani na ina silikoni ndani, hiyo hata umwage dawa ndoo nzima haibadiliki kitu. LSD aina ya Torsen inatumia meno tu, haina pleti. Na kwenye baadhi ya Toyota za karibuni utaona kitufe cha AUTO LSD, ile inatumia breki, difu yenyewe ni ya kawaida. Ya kwako kwa dalili ulizotaja ni ya pleti kabisa. Ukitaka uhakika, zuia tairi za mbele kwa mawe, nyanyua nyuma yote uweke stendi imara, gia huru, hendibreki chini, zungusha tairi moja kwa mkono. Ya pili ikifuata upande uleule, pleti zako bado zinashika, na yule anayekwambia imekufa mwambie aje aone. Ikirudi kinyume, ama ni difu ya kawaida ama pleti zimechoka ama ni ya meno. Na usije ukanyanyua tairi MOJA tu ya nyuma ukawasha gari ukaingiza gia, watu wamezoea kufanya hivyo kwa difu za kawaida. LSD itapeleka nguvu kwa ile iliyo chini na gari itaruka kwenye jeki ikiwa na mtu uvunguni.

Kesho asubuhi chukua tochi na brashi ya waya, safisha ile nyumba ya difu karibu na nati ya kujazia, tafuta stika au kibati chenye maneno LSD. Piga picha uiweke hapa, na umuulize fundi wako aliweka oili ya aina gani, akuonyeshe chupa. Akikosa chupa ya kukuonyesha, jibu umeshalipata.