Maswali ya Wasomaji: Ubavu Umeumia, Nifunge Kitenge?

Muuguzi wetu anajibu barua za wasomaji. Mwezi huu barua za mbavu zimekuwa nyingi, tumechagua tatu.

Dada muuguzi, habari ya kazi. Mimi ni mtu wa boda hapa Busia upande wa Uganda. Wiki iliyopita usiku nilikwepa mbuzi kwa barabara ya murram nikaanguka, hendeli ya pikipiki ikanigonga mbavu za kushoto. Kliniki walipiga picha wakasema hakuna kilichovunjika wakanipa vidonge. Sasa mbona maumivu yamezidi kuliko siku ile ya kwanza? Nikicheka ni balaa, nikipiga chafya naona nyota. Bibi yangu amenifunga kitenge kifuani amekikaza kweli kweli, na kuna mzee jirani anataka kuja kunikanda na samli ya moto ati ubavu urudi mahali pake. Niendelee hivyo? Na kazini narudi lini, pikipiki si yangu na kila jioni mwenyewe anataka hesabu.

Pole sana kaka. Kwanza fungua hicho kitenge halafu ndio uendelee kusoma.

Najua kinakutuliza, na bibi yako hajakosea kwa nia, zamani hata hospitali zilikuwa zinawafunga watu bandeji kifuani hivyo hivyo. Iliachwa kwa sababu kifua kikibanwa unapumua juu juu tu, chini ya mapafu hewa haifiki, makohozi yanakaa huko, na baada ya siku chache unapata nimonia. Ubavu utajiunga wenyewe, hauhitaji plasta wala kamba. Kinachopeleka watu wa mbavu wodini mara nyingi ni mapafu. Na huyo mzee mshukuru ila asikukande, kama kuna ufa akiusukuma na vidole vyake anaweza kuusogeza ukachoma ndani, samli yake tia kwa chakula.

Kuhusu picha usishangae. Ufa mdogo wa ubavu mara nyingi hauonekani kwa eksirei, na ile sehemu laini ya mbele mbavu zinapoungana na mfupa wa kifua haionekani kabisa. Hata ungeonekana matibabu ni yale yale. Picha inatusaidia zaidi kujua kama hewa au damu imevuja pembeni ya mapafu, na maumivu kuzidi siku ya pili au ya tatu ni kawaida, usifikiri kliniki walikudanganya.

Sasa kazi yako ni moja, kupumua. Kaa kando ya kitanda, kumbatia mto uukandamize pale panapouma, vuta hewa kwa pua polepole mpaka uhisi inachoma kidogo, ishikilie uhesabu moja mbili tatu, achia. Fanya hivyo mara 10 kila saa ukiwa macho, halafu kohoa mara moja mbili huku mto umeukumbatia. Itauma ndiyo, lakini usimeze kikohozi kwa kuogopa.

Hapo ndipo dawa inaingia, na wengi wanaimeza vibaya, wanangoja mpaka walie. Meza kwa saa. Panadol za miligramu 500, mtu mzima anameza 2 kila baada ya saa 6, zisipite 8 kwa siku nzima mchana na usiku, na angalia kama unatumia dawa ya mafua pia maana nyingi zina hiyo hiyo Panadol ndani. Ibuprofeni au diklo ni baada ya kula, na kama una vidonda vya tumbo au figo zina shida usiziguse kabla ya kuuliza. Ile tramado, dawa kali ya maumivu inayouzwa kwa maduka ya dawa kama njugu, usijipe mwenyewe, inaleta usingizi na inafunga choo, na kujikamua chooni na ubavu mbovu, kaka, utanikumbuka. Kunywa maji, kula papai. Sigara weka kando. Usiku lala nusu umekaa, egemea mito au godoro lililokunjwa ukutani.

Kazi sasa. Kawaida mfupa unachukua kama wiki 6, wengine maumivu yanafika 12. Kabla ya kubeba abiria jipime pikipiki ikiwa imezimwa: geuka haraka uangalie nyuma pande zote mbili, kamata breki kwa nguvu, kanyaga chini kwa ghafla. Ukisita hata kidogo bado, maana barabarani ule msito ndio unaua. Ongea na mwenye pikipiki ampe mwenzako aishike kwa muda, na kama ni mkali mwonyeshe barua ya kliniki.

Ila usingoje kesho ukiona hizi: pumzi inakatika, unakohoa damu, au maumivu yameshuka tumboni. Wewe umeumia kushoto, na chini ya mbavu za kushoto kuna wengu, kiungo laini chenye damu nyingi, likipasuka linaweza kuvuja kidogo kidogo hata siku kadhaa, kwa hiyo tumbo likiuma upande huo, au bega la kushoto linauma bila kugongwa, au kizunguzungu na jasho la baridi, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na homa! Sisi hapa homa ikija tu ni malaria, tunakimbilia Coartem. Pima malaria sawa, lakini mwambie anayekupima kwamba ulianguka, asikilize kifua pia.

Mama yangu ana miaka zaidi ya 70, tuko Bombo. Ameteleza bafuni akagonga mbavu, anakataa hospitali, anasema mbavu hazina dawa. Tumwache?

Hapana dada, mpeleke leo, hata akinuna njia nzima. Mtu mzee mifupa imekuwa myepesi, anaweza kuvunja mbavu 3 kwa kuteleza tu, na nimonia kwake haichelewi, wakati mwingine hata homa haonyeshi, utaona tu amechanganyikiwa au amekataa chakula. Wakitaka kumlaza mkubali. Nyumbani asishinde kitandani, mkalishe, mtembeze uwanjani.

Mimi sijaanguka popote. Nimekohoa karibu mwezi mzima hapa Arua, juzi nikikohoa nikasikia kitu "ka" ubavuni, sasa pananiuma sana. Kikohozi kinaweza kuvunja ubavu?

Kinaweza, na mto na Panadol ni kama nilivyomwambia mtu wa boda hapo juu. Lakini mimi ubavu wako haunisumbui sana, kinachonisumbua ni huo mwezi. Kikohozi kikipita wiki 2 unapimwa kifua kikuu, na kwa vituo vya serikali kupima ni bure na dawa ni bure. Nenda kesho asubuhi, watakupa kikopo cha makohozi, utoe yale ya ndani kabisa na si mate, na mpaka majibu yatoke fungua madirisha unapolala na watoto.