Rekodi ya jinai New York: aliyesafirishwa asisubiri faili lijifunge lenyewe

Dada, umeuliza kama mdogo wako, aliyekamatwa mara kadhaa New York akiwa mikononi mwa waliomsafirisha kiharamu ili kumtumikisha, angoje faili lijifunge (yaani rekodi ifichwe isionekane na watu wa kawaida) kwa ile sheria ya jimbo iliyoanza Novemba 2024. Asingoje. Sheria ile hufunga makosa madogo baada ya miaka 3 na mengi ya makubwa baada ya 8, ila hukumu yenyewe inabaki. Mwajiri wa kawaida haoni kitu, Uhamiaji wanaona. Tena mahakama zimepewa hadi Novemba 2027 kumaliza kazi hiyo.

Aombe hukumu itenguliwe, kwa kifungu 440.10(1)(i) cha sheria ya mwenendo wa jinai ya jimbo. Kilianza 2010 kwa kesi za ukahaba, na tangu Novemba 2021 kinagusa kosa lolote alilotenda kwa sababu ya kusafirishwa. Wakili asome amri kabla haijasainiwa: itamke kwamba hukumu imetenguliwa kwa sababu hiyo. Tangu uamuzi wa Pickering wa 2003, wa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, hukumu iliyofutwa kwa huruma au kwa kuwa mtu amejirekebisha bado inahesabika kwenye mambo ya Uhamiaji.

Aanze na alama za vidole. Rekodi ya FBI ni dola 18, ya jimbo huombwa kivyake. Kutafuta kwa jina hakutoshi, maana wasafirishaji huwabambikia wasichana majina na tarehe za kuzaliwa za uongo. Kisha achukue kwa karani nakala za kila kesi zenye muhuri, na azichukue KABLA ya faili kufungwa. Likishafungwa ni taabu kuzipata, na fomu za Uhamiaji bado zitauliza kila alipokamatwa.

Kwenye kiapo, yale maelezo ya maandishi yanayoambatana na ombi, ndiko wengi huanguka. Kueleza mateso kwa jumla hakusaidii. Kila shtaka lipewe aya yake: nani aliamuru, alimtisha kwa kitu gani, pesa zilikwenda wapi. Wizi wa dukani au kitambulisho bandia ndivyo mwendesha mashtaka huvibana zaidi. Kama ana viza ya T (ya wahanga wa kusafirishwa), barua ya kukubaliwa inamjengea dhana kwamba kosa lilitokana na kusafirishwa (si lazima kuwa nayo), lakini kiapo kikigongana na maelezo ya fomu I-914, ile ya kuombea viza hiyo, hata kwa miezi tu, ataulizwa. Tarehe asiyoikumbuka asiibuni. Aandike "majira ya baridi, kabla sijahamishiwa Queens".

Kesi zikiwa kaunti tofauti, zinaweza kuunganishwa mahakama moja iwapo waendesha mashtaka wote wanaohusika watakubali. Wakili awapigie mapema.

Baadaye kampuni binafsi zinazokagua historia ya waombaji kazi zitaendelea kuuza nakala za zamani za rekodi yake. Akinyimwa kazi adai ripoti iliyotumika, aitumie kampuni pingamizi la maandishi na nakala ya amri. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza na kurekebisha.