Mtoto mwenye adabu si lazima awe mtoto anayenyamaza

Wazazi wengi wanaokuja shuleni kwetu hapa Ngamiani, Tanga, kabla hata ya kuuliza alama, huuliza: "Mwalimu, mwanangu hakusumbui?" Nikisema hasumbui, wanaondoka wameridhika. Mimi siridhiki na jibu hilo. Nafundisha madarasa ya chini, na kila mwaka napata watoto wasiosumbua kabisa, ambao wanabanwa na haja mpaka wanajikojolea kwa kuogopa kuomba ruhusa, au wananyang'anywa ufutio kila siku na hawasemi neno. Mtoto kama huyo amefundishwa kunyamaza tu. Adabu ya kuzungumza bado hajaipata.

Watoto wa Tanga hawaji shuleni mikono mitupu. Nyumbani na chuoni, yaani madrasa, wamekwisha kufundishwa salamu, shikamoo, hodi, na kuitika wanapoitwa, msichana "abee" na mvulana "naam". Hayo nayashukuru na nayaendeleza. Pengo ninaloliona liko kati ya wao kwa wao. Mtoto aliyeniamkia vizuri sana getini, akifika kwenye dawati anamwambia mwenzake "Lete!" huku mkono umeshavuta. Mkubwa anajua kumheshimu, mwenzake bado.

Kwa hiyo nilianza na kitu kinachofanyika kila siku: kugawa madaftari. Zamani msaidizi wa zamu aliyarusha juu ya madawati, mengine yakaanguka chini. Sasa anayegawa anasoma jina, anamfikia mwenyewe, anampa kwa mkono wa kulia, na anayepokea anasema "ahsante" akimtazama. Zoezi hilo linachukua muda, hasa darasa likiwa na watoto wengi, na tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa mengi yamejaa. Lakini dakika hizo sizihesabu kuwa zimepotea. Kazi hiyo pia huwapa nafasi watoto wenye haya. Mtoto ambaye hanyooshi kidole hata umbembeleze, ukimpa rundo la madaftari lazima atamke majina ya wenzake, na wenzake lazima wamjibu. Simlazimishi kusimama mbele kuimba au kujieleza. Naanzia hapo.

La pili ni kuazimana vitu, na hapa ndipo pana kazi kubwa. Tunawafundisha watoto kuomba, lakini kukataa na kukataliwa hatuwafundishi. Hebu tazama dawati la watoto watatu wenye ufutio mmoja. Wa kwanza anasema, "Naomba uniazime ufutio wako." Mwenye nao anaandika bado. Asipojua la kusema, atauficha mfukoni au atampiga mwenzake kiwiko. Nimewapa sentensi ya kujibu: "Bado nautumia, nikimaliza nitakupa." Na yule aliyeomba nimempa yake: "Haya, nasubiri." Tunaigiza mbele ya darasa, wawili wawili, na wanabadilishana nafasi ili kila mmoja aonje kukataliwa bila kununa. Siku za mwanzo walicheka sana. Baadaye nilianza kuyasikia maneno hayohayo nimewapa mgongo, naandika ubaoni.

Kuomba msamaha nako kuna namna. Ukimwambia mtoto "haya, muombe mwenzako msamaha", atanung'unika "samahani" akiangalia dirishani, na aliyeumizwa atabaki na donge lake. Mimi nataka aseme alichokifanya: "Nimekanyaga daftari lako, samahani." Kisha ashike kitambaa alifute. Na mtu akijikwaa, darasa zima tunasema "pole", hata kama hakuna aliyemsukuma. Anayemcheka mwenzake aliyekosea kusoma simchapi wala simpigii kelele. Ninamwita aje amsaidie kulisoma neno lile, taratibu, silabi kwa silabi. Hasa nalinda watoto wanaohamia kutoka Lushoto au Muheza na lafudhi ya kwao. Mtoto akichekwa wiki yake ya kwanza, mdomo wake unaweza kufungwa muhula mzima.

Walimu wenzangu, watoto hawa wanatusikiliza sisi kuliko wanavyosoma mabango ya ukutani. Mwalimu anayeita "we mtoto, lete hiyo" asishangae kulisikia neno "lete" likizunguka darasani. Mimi nasema "naomba daftari lako", na nikilipokea nasema ahsante. Wapo wanaosema kwamba mwalimu akimwomba mtoto anajishusha. Sikubaliani nao hata kidogo. Mamlaka yangu hayajapungua kwa sababu hiyo, na kelele darasani zimepungua.

Tumefanya pia mchezo wa duka, vifuniko vya soda vikiwa pesa, kwa sababu wakati wa mapumziko watoto walimzonga mama muuza ubuyu na ashkrimu wakimwonyeshea sarafu usoni. Sasa wanajua kumwamkia kwanza, kupanga foleni, na kusema wanachotaka. Wazazi mnaweza kulifanya hili bila mchezo wowote: ukimtuma mtoto dukani, mwache azungumze na mwenye duka mwenyewe, usimpe kikaratasi.

Kuna jambo moja siliachi kamwe, maana heshima kwa wakubwa inaweza kutumiwa vibaya na mkubwa mwenye nia mbaya. Mtoto anayeamini kwamba kumkatalia mtu mzima ni utovu wa adabu yuko hatarini. Nawaambia wazi kwamba mtu ukimwamkia, hujampa ruhusa ya kukushika wala ya kukuchukua, hata akisema ametumwa na mama. Tunaliigiza hilo pia. Mimi nakuwa mgeni wa getini mwenye pipi mkononi, wao wananiamkia kama kawaida, kisha nikiwaambia twende, wanarudi nyuma na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka darasa la jirani: "Hapana, siendi, namwita mwalimu!"