Kwenda sokoni na mzee aliyeanza kusahau, kabla ya Krismasi

Kila Novemba ikiingia, hapa mtaani hakosekani mtu wa kuniuliza: mama ameanza kupoteza kumbukumbu, daktari amesema ni dimenshia (ugonjwa wa kusahau) ya mwanzoni, sasa sikukuu hii tumpeleke sokoni au tumnunulie kila kitu abaki nyumbani? Mimi nasema mpelekeni. Mtu wa hatua za mwanzo bado anajua anachokipenda na anachokichukia, na kuwanunulia wajukuu nguo za sikukuu ni kazi aliyoifanya miaka yote. Ukimnyang'anya hiyo kwa kumhurumia, atajiona mzigo mapema kuliko ugonjwa wenyewe ulivyotaka. Kinachobadilika ni maandalizi, na hayo ni juu yako wewe unayemlea.

Muda kwanza. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, Soko la Majengo hapa Dodoma linatuchosha hata sisi tunaokwenda kila siku. Nendeni mwanzoni mwa Desemba, siku ya katikati ya wiki, mfike saa mbili asubuhi, saa nne na nusu muwe kwenye bajaji mnarudi. Wengi hufikiri saa kumi jioni ni bora kwa kuwa jua la Dodoma limepoa. Kwa mgonjwa huyu, saa kumi ni mbaya. Baadhi yao huanza kuchanganyikiwa na kukosa utulivu kuanzia alasiri, na uchovu wa kutembea unazidisha.

Kelele ni adui mwingine. Vile vipaza sauti vya "buku buku, chagua buku" vinavyojirudia kutwa nzima, wewe umeshavizoea huvisikii tena. Yeye anavisikia vyote kwa pamoja, na hapo ndipo anaposahau alichokuwa akikitafuta. Pitieni maduka ya pembeni. Soko la Job Ndugai kule Nzuguni lina nafasi zaidi ya kupita, lakini kama mzee amezoea Majengo tangu ujana wake, mpeleke Majengo hiyo hiyo. Njia aliyoizoea inamsaidia kuliko jengo zuri.

Usiku wa kuamkia safari, kaeni muandike orodha. Aandike yeye kwa mkono wake, jina la mjukuu na kitu chake: Neema, gauni, Juma, viatu. Kila mnaponunua, mpe kalamu akate mstari pale pale dukani. Bila mstari huo Juma atapata viatu jozi tatu. Asubuhi, kabla ya kutoka, mpige picha kwa simu yako akiwa na nguo alizovaa, na uweke karatasi yenye namba yako ndani ya mkoba wake. Mkipotezana kwenye umati, hutapoteza dakika kueleza alivaa nini.

Usidhani kila kitu kimemtoka. Mama mkwe wangu akishika kitenge, anakikunja pindo kwa vidole, analowesha ncha kwa mate kidogo na kuisugua kwenye leso nyeupe. "Mwanangu, hiki kinachuja. Nipe kile cha nyuma." Muuzaji anacheka, maana ni kweli. Bei anaivuta hadi muuzaji anasalimu amri. Ikifika chenji, anasimama na noti mkononi, hajui arudishiwe ngapi. Mambo ya zamani hubaki muda mrefu. Hesabu za papo hapo mara nyingi hutangulia kuondoka. Kwa hiyo mwache achague, mwache apatane bei, mwache alipe kwa mkono wake kutoka kibeti chenye noti ndogo ndogo. Kazi yako ni kusimama ubavuni na kuhesabu kimya kimya. Fedha nyingine ziwe kwako.

Akikuuliza mara ya nne gauni hili ni la nani, jibu kama ni mara ya kwanza. "Si nimeshakwambia?" mbele ya muuzaji ni kumvunjia heshima. "Unakumbuka?" nayo ni mtihani, iache. Mwonyeshe vitu viwili achague, siyo rafu nzima. Na akianza kuongea Kigogo katikati ya Kiswahili, mwitikie kwa Kigogo kama unakijua. Lugha ya utotoni mara nyingi ndiyo humjia kwa urahisi zaidi akichoka. Hiyo pia ni dalili kwamba mtafute pa kukaa, anywe maji, au mrudi nyumbani na orodha ikiwa nusu.

Msimu huu matapeli nao wako kazini. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinamkuta mzee ambaye kweli hakumbuki kama kuna hela alimwahidi mtu. Mkubaliane kwamba hatumi bila kukupigia, na meseji yenyewe ipeleke 15040, namba ya kuripoti meseji za utapeli.

Kwa zawadi zake mwenyewe, nunua vya kufanana na alivyonavyo. Simu janja mpya itamtesa. Redio yenye kitufe kile kile alichokizoea itamfaa. Saa kubwa ya ukutani yenye tarakimu zinazosomeka ni nzuri, kalenda yenye tarehe kubwa vilevile, viatu visivyo na kamba, na taa ndogo ya kuwaka usiku njia ya chooni. Lakini zulia jeusi au lenye maua mengi, ambalo kila nyumba hulitamani Desemba, liache dukani. Macho yake yanaweza kuliona doa jeusi kama shimo, akalikwepa na kuanguka. Kama ndugu ameshalileta na limetandikwa sebuleni, likunje ulipeleke chumba cha vijana.