Maswali ya wasomaji: Kanisa la kwanza lilianzaje, na mtu aliambiwa afanye nini ili aokoke?

Wapendwa, safari hii meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, mwanzo wa kanisa na habari ya wokovu. Nimechagua nne, naamini kama yako haimo humu utakuta mwenzio kakuulizia.

SWALI: Mhariri shikamoo. Kwenye grupu letu la vijana kuna mwenzetu anasema kanisa lilianzishwa na mfalme Konstantino wa Roma, eti kabla yake hakukuwa na Ukristo wowote. Nilikosa cha kumjibu. Kanisa lilianza lini hasa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo dai linasambaa sana mitandaoni na halina miguu. Alichofanya Konstantino mwaka 313, yeye na mtawala mwenzake Licinius, ni kuwaruhusu Wakristo waabudu bila kusumbuliwa tena na kuamuru warudishiwe mali zao zilizokuwa zimechukuliwa, sasa hebu jiulize, kama hawakuwepo walirudishiwa nini? Na mwaka 325 alipoitisha mkutano wa Nikea, maaskofu waliokuja walikuwa tayari wanaongoza makanisa ya siku nyingi.

Tena tunao ushahidi wa mtu ambaye hakuwapenda hata kidogo. Mnamo mwaka 112 hivi, yaani miaka 200 kabla ya hiyo amri ya Konstantino, gavana mmoja wa Kirumi jina lake Pliny, aliyekuwa anatawala Bithinia (leo ni kaskazini mwa Uturuki), alimwandikia Kaisari Trajan akiomba ushauri awafanyeje Wakristo manake walikuwa wamejaa mjini na vijijini. Anaeleza alichokipata alipowahoji: wana siku yao maalumu, wanakutana kabla jua halijachomoza, wanamwimbia Kristo kama Mungu, wanaapa kwamba hawataiba, hawatazini, hawatavunja ahadi, halafu wanatawanyika na baadaye wanakutana tena kula chakula pamoja, chakula cha kawaida tu. Gavana hakuridhika, akawatesa wanawake wawili watumwa ambao wenzao waliwaita wahudumu ili waseme ukweli zaidi, na hakupata kitu kingine. Mimi kila nikiwakumbuka hao dada wawili nasikia uchungu, hata majina yao hatuyajui.

Mwanzo wenyewe ni Yerusalemu, mwaka 30 hivi au 33, siku ya Pentekoste. Pentekoste ilikuwa sikukuu ya Wayahudi ya mavuno, siku ya 50 toka Pasaka, kwa hiyo mji ulikuwa umefurika mahujaji kutoka kila upande, Misri, Libya, Krete, Arabuni, Mesopotamia mpaka Roma yenyewe. Wafuasi wa Yesu walikuwa kama 120 tu. Petro, yule yule aliyemkana Bwana wiki chache nyuma, akasimama akasema huyu Yesu mliyemsulubisha Mungu amemfufua, watu wakachomwa moyo, na Matendo ya Mitume inasema siku ile wakaongezeka watu kama 3,000. Wote hao walikuwa Wayahudi, waliendelea kwenda hekaluni kusali, na wala hawakuitwa Wakristo, jina hilo lilikuja baadaye kule Antiokia. Mwambie mwenzio aanzie hapo.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi nilibatizwa nikiwa mtoto. Sasa nimehamia kanisa jingine wananiambia sijaokoka mpaka nibatizwe upya na ninene kwa lugha. Mama mkwe naye anasema nisipoacha vyakula fulani sijaokoka. Nimechoka kwa kweli. Mitume wenyewe walisemaje?

JIBU: Amina dada yangu, na pole sana. Swali lako nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu ndilo lililowagombanisha mitume wenyewe, na walilimaliza kwa namna ambayo natamani kila mchungaji aisome polepole.

Ilivyokuwa ni hivi. Miaka ya kwanza waumini wote ni Wayahudi, hakuna tatizo. Halafu Petro yuko Yafa, kwenye nyumba ya Simoni mtengenezaji wa ngozi pale pwani, anapanda juu darini kusali, njaa inamuuma, anaona maono ya shuka kubwa lina wanyama wa kila aina na sauti inamwambia achinje ale, naye anakataa kabisa, hajawahi kula kilicho najisi. Mara wanagonga watu waliotumwa na Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi kule Kaisaria, mtu asiyetahiriwa. Petro anakwenda, anaingia ndani ya nyumba ya mtu wa mataifa, jambo ambalo Myahudi wa wakati ule asingelifanya, na kabla hajamaliza hata mahubiri Roho Mtakatifu anawashukia wote waliokuwa wanasikiliza. Petro anauliza, nani awezaye kuwakataza maji hawa? Wakabatizwa.

Ungedhani ishu imeisha, wala. Aliporudi Yerusalemu wakamshika, kwa nini umeingia kwa wasiotahiriwa ukala nao! Akaeleza, wakanyamaza, lakini moto ukawaka tena Antiokia ambako watu wa mataifa walikuwa wanaingia kwa wingi. Walikuja ndugu kutoka Uyahudi wakawafundisha waumini wale wapya, naninukuu Matendo 15, "Msipotahiriwa kama desturi ya Musa hamwezi kuokoka." Umeona dada? Ni sentensi ile ile unayoambiwa wewe leo, kilichobadilika ni kile kinachotajwa katikati. Na wale ndugu hawakuwa watu wabaya, walikuwa wanayasoma Maandiko, tohara ilikuwa agano la Ibrahimu toka zamani, walikuwa na sababu zao nzito kabisa.

Paulo na Barnaba wakabishana nao sana, mwisho wakapanda Yerusalemu, mnamo mwaka 49, mitume na wazee wakakaa kikao. Petro akasimama akasema kwa nini mnamjaribu Mungu na kuwawekea wanafunzi shingoni kongwa ambalo sisi wala baba zetu hatukuweza kulibeba, sisi tunaamini tutaokoka kwa neema ya Bwana Yesu vile vile kama wao. Yaani angalia alivyoligeuza, hakusema wao wataokoka kama sisi, alisema sisi tutaokoka kama wao. Yakobo ndugu yake Bwana akafunga kikao, tusiwataabishe. Wakaandika barua, wakampa Yuda Barsaba na Sila waipeleke, waumini wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama ya wanyama walionyongwa na uasherati, basi. Tohara haimo. Watu wa Antiokia walipoisoma walifurahi, na mimi naielewa ile furaha.

Sasa tuje kwako. Ubatizo mitume hawakuudharau hata siku moja, siku ya Pentekoste Petro alisema tubuni mkabatizwe, na yule askari mlinzi wa gereza la Filipi aliyeuliza afanye nini apate kuokoka, akajibiwa "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako," alibatizwa usiku ule ule baada ya kuwaosha Paulo na Sila mapigo yao. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ubatizo ni mapambo tu. Ila ukitafuta mpangilio mmoja wa kila mtu huupati. Kornelio alipokea Roho kwanza ndio akabatizwa. Wasamaria walibatizwa kwanza, Roho akaja baadaye Petro na Yohana walipowawekea mikono. Yule towashi wa Kushi alibatizwa na Filipo kwenye maji ya njiani, kwenye ile njia ya kushuka Gaza, akaenda zake akifurahi. Kunena kwa lugha kunatajwa kwa Kornelio na kwa wale kama kumi na wawili wa Efeso, lakini kwa towashi, kwa Lidia muuza rangi ya zambarau na kwa yule askari hakutajwi kabisa. Aliye msalabani pembeni ya Yesu yeye hakupata hata tone la maji na akaahidiwa peponi. Sasa mtu akichukua tukio moja akalifanya kipimo cha kuwahukumu wengine wote anafanya walichofanya wale ndugu wa Uyahudi, hata kama nia yake ni njema.

Habari ya kubatiza watoto na kurudia ubatizo, hiyo Wakristo wa kale pia hawakukubaliana. Karibu mwaka 200 Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago (mji wa Afrika Kaskazini, leo ni Tunisia), anashauri watoto wasubiri wakue kwanza, na kule kumwambia mtu asubiri maana yake watoto walikuwa wanabatizwa tayari. Na mwaka 256 Cyprian, askofu wa Karthago, alishikilia kwamba aliyebatizwa na waliojitenga na kanisa abatizwe, huku Stefano, askofu wa Roma, anasema hapana, awekewe mikono tu. Wote wawili kanisa linawaheshimu mpaka leo. Kwa hiyo kaa, soma, omba, zungumza na viongozi wako bila hofu. Mama mkwe mheshimu, na kama ukipenda kuacha hivyo vyakula kwa ajili ya amani ya nyumba acha, Paulo mwenyewe anashauri hivyo kwenye Warumi 14, lakini usiache kwa kuamini kwamba ndivyo vitakavyokuokoa. Hapo usikubali.

SWALI: Paulo anasema mtu anahesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria, Yakobo anasema si kwa imani peke yake. Nimfuate nani?

JIBU: Wafuate wote kaka, hawagombani, kila mmoja anaongea na mgonjwa wake. Paulo anaongea na anayedhani tohara na sheria za Musa ndio tiketi. Yakobo anaongea na anayemwona ndugu yake yuko uchi na ana njaa anamwambia nenda kwa amani, ukaote moto na kushiba, halafu hampi kitu. Cha kupendeza wote wawili wanamtolea mfano Ibrahimu, ila Paulo anachukua pale alipoamini ahadi ya kupata uzao, Mwanzo 15, na Yakobo anachukua pale alipomtoa Isaka, Mwanzo 22, miaka mingi baadaye. Imani ikaja kwanza, ikakua, ikaonekana kwa matendo. Na Paulo alipopewa mkono wa ushirika na huyo huyo Yakobo, Petro na Yohana kule Yerusalemu, anasema kitu kimoja tu walichomwomba, awakumbuke maskini, naye akazunguka kwenye makanisa ya Makedonia na Korintho anachangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Anayemsoma Paulo akaishia kwenye imani bila kumfuata mpaka kwenye hiyo michango hajammaliza.

SWALI: Mzee wangu, mimi niliokoka, nikaanguka vibaya, naona aibu kurudi. Kuna anayesema mtu wa namna yangu hana nafasi tena. Kanisa la kwanza liliwafanyaje watu kama mimi?

JIBU: Mwanangu, nimeisoma meseji yako mara nyingi. Nisikilize.

Mwaka 250 Kaisari Decius alikuwa ameagiza watu wa dola nzima watoe sadaka kwa miungu ya Roma mbele ya kamati ya serikali na kila mmoja apewe cheti. Vyeti vingine vimefukuliwa kwenye mchanga wa Misri, unaona kabisa maneno, mtu anaandika kwamba siku zote amekuwa akiitolea miungu sadaka, na sasa mbele yenu nimetoa, nimemimina kinywaji, nimeonja nyama ya sadaka, naomba mnithibitishie. Wakristo wengi walikataa wakafungwa, wengine wakauawa. Lakini wengi sana, tena wengi kuliko ilivyotarajiwa, walikwenda. Karthago kuna waliokimbilia wenyewe bila kuburuzwa. Wengine walihonga wakapata cheti bila kugusa sadaka.

Mateso yalipopoa wakaanza kurudi makanisani wanalia. Basi likawa swali kubwa, hawa tuwafanyeje, wamemkana Kristo hadharani na mwenzao kafa kwa kukataa. Roma akatokea Novatian, mtu msomi, akasema hawa basi, wamwachie Mungu, kanisa lisiwapokee kamwe, na mwaka 251 akajitenga na watu wake. Upande mwingine kuna waliotaka wapokelewe leo leo kana kwamba hakuna kilichotokea. Cyprian na maaskofu wenzake wa Afrika walikaa mwaka huo huo wakakataa yote mawili. Aliyenunua cheti tu apokelewe baada ya toba, aliyetoa sadaka kabisa aendelee kutubu na apokelewe akikaribia kufa, asife nje. Mwaka mmoja au miwili mbele, mateso mengine yalipoonekana yanakuja, wakafungua zaidi, waliokuwa wanatubu kwa dhati wote wakapewa amani na kurudishwa kwenye meza ya Bwana, kwa sababu, walisema, utamwambiaje mtu amwage damu yake kwa ajili ya Kristo huku unamnyima kikombe cha damu ya Kristo?

Msimamo huo ndio uliobaki kuwa msimamo wa kanisa, wa Novatian ukaachwa. Na ujue Cyprian alikuwa na sababu ya kuwa mkali akitaka, alipelekwa uhamishoni, watu wa mji wake walipiga kelele atupwe kwa simba, na mwaka 258 alikatwa kichwa kwa imani yake. Huyo ndiye aliyesema warudi.

Tafuta mchungaji au padri mmoja unayemwamini, mweleze yote bila kuficha, Jumapili hii nenda. Kama akikuambia huna nafasi tafuta mwingine, na niandikie tena.